Mwonjaji wa Miswada

Mtoto alianguka kutoka mnarani na mstari haukupanda.

Tobias Nsokolo aliusogelea ubao wa kioo mpaka pumzi yake ikaacha ukungu juu yake. Hiyo ndiyo sura aliyoitegemea kuliko zote. Mara zote zilizopita mstari ukifika hapo ulikuwa unaruka kama mtu aliyekanyaga kaa la moto, unatetemeka, kisha unashuka polepole mpaka mwisho wa sura. Leo ulipita umelala, umenyooka, kana kwamba mama wa watu anasoma tangazo la kukatika kwa maji.

Upande wa pili wa ukuta Bi Nyamizi alikuwa amekaa kwenye kiti cha kamba, kilemba kichwani, anafunua karatasi kwa kidole alichokilowesha ulimini. Kilemba kile hakikuwa kitambaa kitupu. Ndani ya mikunjo yake kulikuwa na nyuzi nyembamba kuliko unywele, na kila uzi ulikuwa unasikiliza. Msomaji akishtuka, mstari unapanda. Akichoka, unalala. Miaka hiyo hakuna kitabu kilichotoka bila mstari wake kuchapwa mgongoni, na wanunuzi waliutazama mstari kabla hawajatazama jina la mwandishi.

Kazi ya Bi Nyamizi ilikuwa kuonja. Akimaliza mswada, fundi anageuza swichi, kilemba kinapata joto, na kitabu kinamtoka kichwani kama harufu ya samaki inavyotoka vidoleni. Hiyo waliiita kunawa. Mwandishi anakwenda nyumbani, anakata, anapanga upya, anasugua sentensi zake, kisha anarudi, na mwonjaji yule yule anasoma tena kama hajawahi kuuona mswada huo maishani mwake. Lazima awe yule yule. Ulimi ukibadilika hutajua kama mchuzi umezidi chumvi au mlaji ndiye mgeni.

Huu ulikuwa mswada wa tisa. Nsokolo alikuwa mtu wa kukata. Aliwanyang'anya wahusika wake machozi yote ili yabaki kwa msomaji. Alifuta mawingu, alifuta ndege waliokuwa wanalia bila sababu, alifuta kila mahali alipojisikia akijisifu. Na alikuwa ameokota sana. Pembeni mwa ule mstari picha hafifu zilikuwa zinapita, mambo yanayomjia msomaji kichwani akisoma: mkono, kikombe, namna mtu anavyogeuza shingo, hata neno analolisema. Mwandishi anaruhusiwa kuyachukua na kuyatia kwenye mswada unaofuata. Kila mwandishi aliokota. Nsokolo alikuwa na jicho la kuokota kuliko wengi, na kijana wa kwenye kitabu chake, aliyemwita Sizya, alikuwa amenona kwa yale aliyookota mpaka wakati mwingine Nsokolo alimsikia akikohoa chumba cha pili.

Leo pembeni mwa mstari hapakupita kitu. Kioo kilikuwa kitupu.

"Umemsugua mpaka umemtoboa," Rehani alimwambia. Rehani ndiye aliyekuwa fundi wa kilemba, kijana mpole wa Bagamoyo aliyezungumza kwa sauti ya chini hata akiwa nje. Alisema hutokea, mtu anaipenda sura moja, anaipiga msasa kila mara, mwisho inabaki ngozi. Akamwomba asirudi mapema, apumzike.

Nsokolo alitoka akaenda barazani, kwenye mtungi wa maji, akangoja. Waandishi walikatazwa kuongea na waonjaji, na yeye hakuwahi kulitii hilo hata mara moja.

Bi Nyamizi alitoka akiwa amekwisha kunawa, uso umetulia, anajifunga kitenge. Akamtazama Nsokolo juu mpaka chini.

"Wewe ndiye mwandishi? Nilidhani utakuwa mrefu."

Kila alipotoka mlangoni pale alisema maneno hayo hayo, kwa cheko lile lile, mkono ukiwa pale pale kiunoni. Mara ya kwanza Nsokolo alicheka sana. Siku hizi aliangalia chini. Alimwambia urefu wake ameuacha kwenye kitabu, naye akacheka, na akasema kama mtu aliyekumbuka ghafla kwamba kesho kuna hitima nyumbani kwake, mtaa wa Ng'ambo, dada yake ameagiza awaalike watu, aje ale pilau. Nsokolo aliuliza ni hitima ya nani.

"Ya marehemu wetu," alisema Bi Nyamizi. "Dada ndiye anayejua habari zake."

Nsokolo alifikiri ni babu fulani. Alikubali upesi, maana alitaka kumkamata mama huyu akiwa nje ya kilemba, amdodose ni kitu gani humwumiza mtu na kitu gani hakimwumizi tena.

*

Ng'ambo ilikuwa chini ya minara ya umande. Mvua za Tabora zilikuwa zimepotea njia miaka mingi, na mji ulikunywa kile ambacho nyavu za minara zilinasa alfajiri. Mchana nyavu zilikauka na kupiga upepo, na mtaa mzima ulikuwa na mlio kama wa mtu anayepuliza chupa. Watu walishauzoea. Nsokolo hakuuzoea, na aliingia uani kwa Bi Nyamizi akiwa ameinamisha kichwa.

Kisomo kilikwisha, pilau ikaliwa. Bi Nyamizi alikuwa amekaa na wanawake wenzake, amevaa vizuri, anawahimiza watu waongeze. Dada yake, Bi Milembe, mwanamke mkavu mwenye macho mekundu, hakula. Alikuwa anamtazama mdogo wake kila anapotia tonge mdomoni.

Ndipo mtani akaingia kazini. Mzee Pazi alikuwa Mzaramo aliyeletwa Tabora na kazi ya reli akasahau kurudi, na katika mtaa ule wa Wanyamwezi hakuna msiba wala hitima iliyopita bila yeye kuivuruga kama desturi inavyotaka. Alianza kwa kulala chali mlangoni, akasema hatoki mtu mpaka aletewe mnofu, na kama wana haraka basi wambebe, si wao ni wapagazi tangu enzi za mababu zao. Bibi mmoja akamwambia Mzaramo habebeki, ameuza viwanja vyote akachezea ngoma, amebaki tumbo tu. Watu wakacheka. Pazi akaletewa nyama, akala, akajipangusa, kisha akaingia ndani na kutoka amevaa koti la kijivu la mafundi wa minara. Lilikuwa la marehemu. Kicheko kikapungua, watu wakakaa sawa. Hapo ndipo mtani anapomleta aliyekufa, amtembeze mara moja mbele ya watu wake, wamcheke na wamlie kwa pamoja.

Pazi alitoka nje ya ua akarudi akitembea.

Kisigino cha mguu wa kushoto hakikugusa ardhi. Kandambili ilikuwa inaburuzwa kidogo, halafu inanyanyuliwa ghafla kama imekumbushwa. Alifika kwenye mlango uliokuwa wazi, akaugonga kwa kiwiko.

"Hodi. Mgeni wenu wa kila siku nimekuja kula."

Wanawake wakapiga yowe la kicheko, na wengine wakajifunika nyuso. Nsokolo aliyatambua yote. Ule mwendo ulikuwa kwenye sura yake ya nne. Kiwiko kilikuwa kwenye sura ya nne. Na ile sentensi ya mgeni wa kila siku, neno kwa neno, ndiyo aliyowasomea wenzake kilabuni wakampigia makofi, naye akasema imemjia akiwa anaoga.

Bi Nyamizi alikuwa anacheka mpaka kifua kinaruka. Alipangusa macho kwa ncha ya khanga, akamwinamia Nsokolo aliyekuwa karibu naye kwenye mkeka wa pili.

"Huyu mzee anajua. Anamwigiza nani?"

Hakulisema kwa sauti kubwa. Lakini mwanamke wa jirani alisikia, akaacha kucheka, na kunyamaza kwake kukamwambukiza wa pili, mpaka ua mzima ukabaki na mlio wa nyavu. Mtani hatakiwi kusimama katikati ya kazi yake hata akitukanwa. Pazi alisimama, kiwiko kikiwa hewani. Kisha akalivua koti, akalikunja vizuri, akalishika kifuani kama mtoto.

Bi Milembe ndiye aliyemvuta Nsokolo hadi nyuma ya jiko na kumweleza, maana alijua anatoka nyumba anayofanyia kazi mdogo wake. Marehemu aliitwa Mihayo, mtoto pekee wa Nyamizi. Alianguka kutoka mnarani mwaka juzi. Hitima ya mwaka jana Nyamizi alishikwa kwa nguvu asijitupe chini. Kisha, baada ya kuanza hii kazi ya kusoma, kilio kikaanza kukauka. Mwanzoni familia ilishukuru Mungu. Alilala, alikula, alinenepa. Halafu akaanza kuuliza koti lililotundikwa chumbani ni la nani. Wiki iliyopita amelitoa akitaka kulifanyia tambara la kudekia.

Nsokolo aliaga, na akitoka uani alipita karibu na ukuta ili asikutane na macho ya yule mama.

*

Rehani alimsikiliza bila kumkatiza. Kisha akafunga mlango.

Alisema kilemba hakijui kitabu ni nini. Kinajua kilichowaka. Mtu anasoma habari za mtoto wa kwenye karatasi, lakini anayewaka kichwani mwake ni mtoto wake mwenyewe, na wakati wa kunawa kinaoshwa kile kilichowaka. Ndiyo maana mwonjaji haruhusiwi kuonja jeraha lake. Kuna swali wanaulizwa wote kabla ya kupewa mswada, kwamba una msiba? Bi Nyamizi aliulizwa akajibu hana.

Nsokolo alishika kichwa. Yule mama angejibu nini? Matanga yalikuwa yamekwisha anuliwa. Kwao ukishaanua matanga huna msiba, na anayeendelea kujiita mfiwa anauita mwingine uje. Aliyeliandika swali hilo alikaa mbali, mahali ambapo watu huzika asubuhi na jioni kila mtu yuko kwake, wala hakujua kwamba kuna watu wanaoufunga msiba kama mlango na kuona aibu kuufungua.

"Kwa hiyo anarudishwaje?" aliuliza.

"Harudishwi. Kilichooshwa kimeoshwa." Rehani alikuwa anachezea uzi uliokatika. "Kimebaki kidogo sana ndani. Picha za siku ile, pengine. Bwana Nsokolo, nakwambia kama fundi, usinichukie. Akionja mara moja tena, hata hicho kitakwisha. Na akiwa mtupu kabisa atasoma kitabu chako kama mgeni yeyote. Mstari utapanda. Utapanda kuliko zamani, maana sasa hivi unavutwa chini na pale palipokwanguliwa."

Mchapishaji alikuwa anangoja mstari huo tu.

"Na asiponawa?"

Rehani alimwangalia. Asiponawa, alisema, atakachosoma kitakaa naye kama kinavyokaa kwa mtu yeyote. Lakini mwonjaji aliyesoma mswada bila kunawa hapewi kazi tena, na mswada wenyewe unahesabika umemwagika, hakuna nyumba itakayoupokea.

Nsokolo alikwenda kukaa barazani. Asidanganywe mtu kwamba hakuifikiria ile mara moja iliyobaki. Aliifikiria sana. Alikuwa na umri wa kutosha kujua kwamba hatoandika tena kitabu kama kile. Alijiambia mama wa watu sasa analala usingizi, kuna ubaya gani? Alijiambia aliyekufa amekufa. Alijiambia kwamba mtoto yule hakupotea, amehama tu, yuko kwenye kurasa, na watu wengi watamjua kuliko waliomjua Ng'ambo. Hilo la mwisho lilikuwa zuri mno, na Nsokolo alikuwa mtu aliyezoea kuzishuku sentensi zake nzuri. Akainuka.

*

Nsokolo na Pazi walikutana uani kwa Bi Milembe, ambaye alikuwa anakata viazi vitamu vya kukaushia michembe na hakutaka kuacha kazi kwa sababu ya mwandishi. Nsokolo aliwasomea sura moja moja. Alitaka kuusugua mswada kinyume, amtoe Sizya, ambakishe Mihayo, kisha Bi Nyamizi ausome bila kunawa.

Bi Milembe alikataa kwanza. Alisema mdogo wake sasa ana nafuu, yeye ndiye aliyekuwa anamshika miguu akipiga kelele, si Nsokolo. Unamrudishia mtoto au unamrudishia kifo? Pazi, aliyekuwa anatafuna kiazi kibichi, alisema mwenye mtoto si yupo, aulizwe.

Wakamwita. Walimwonyesha picha, akaitazama kwa adabu, kama mtu anayeonyeshwa picha za harusi ya watu asiowajua. Alikwisha ambiwa kwamba alikuwa na mtoto, na alikuwa amelikubali jambo hilo kama unavyokubali kwamba uliwahi kuugua surua utotoni. Walimweleza habari ya kilemba, na kwamba akiusoma mswada hatapata kazi tena na huenda hatapata usingizi.

"Watu wamekuja kwangu wakalia, mimi nikala pilau," alisema. "Nataka kujua nilikuwa nakula nini."

Basi wakaanza. Pazi alikuwa mkatili, na ukatili wake ndio uliohitajika. Ndugu humsafisha maiti; mtani huachiwa uchafu wake autunze. Alisema huyu wa kwenye karatasi ni malaika, Mihayo alikuwa mwongo aliyeweza kukuapia kwamba amekula kwenu na wewe mwenyewe ukaamini umempakulia. Alikuwa haogi siku za baridi. Alimfanya mama yake alie mara kadhaa kwa ajili ya wasichana. Nsokolo aliandika. Kitabuni kijana alikuwa amepanda mnarani kuziba wavu uliopasuka ili mtaa upate maji. Bi Milembe alisema hapana, akiwa ameinamia kisu. Nyuki walikuwa wamejenga juu ya mnara. Alikwenda kuiba asali, bila mkanda, kwa sababu aliapa kwa wenzake kwamba mkanda ni wa waoga.

Nsokolo alilikata lile tendo la ushujaa, kurasa nyingi ambazo alizisugua mpaka zikang'aa. Alikwama walipofika asubuhi yenyewe ya kuanguka.

Asubuhi ile Mihayo aliongea na mama yake kabla ya kutoka. Walikuwa wawili tu nyumbani. Pazi hakujua kilichosemwa, wala Bi Milembe. Nyamizi alikuwa amewahi kumwambia kila mtu kwamba kuna neno mtoto alimwambia, na hakulitaja kamwe, alilifungia kifuani, na huko kifuani sasa palikuwa pameoshwa.

Kwenye mswada neno lilikuwapo. Kijana anasimama mlangoni na kusema: "Mama, nitazame sasa, nikiwa bado niko chini."

Ilikuwa sentensi ya kumfanya mtu aweke kisu chini, na Bi Milembe alikiweka. Aliuliza kama ndiyo maneno yenyewe.

Nsokolo alijaribu kukumbuka. Aliokota picha nyingi kwenye kioo, midomo mingi ikifunguka. Je, aliliona neno hili likipita pembeni mwa mstari, kwenye mswada wa pili, au wa tatu? Au alilitunga? Aliigeuza sentensi ile mara nyingi mno, alitoa neno, alirudisha neno, mpaka hakuna alama ya kidole cha mtu iliyobaki. Miswada ya zamani ilikuwa inachomwa kila mpya ulipokamilika. Hakuna mahali pa kwenda kuangalia. Alijichunguza ndani kwa ndani na kukuta mahali hapo pameoshwa vile vile, ila hapakuhitaji kilemba.

Alisema hajui. Bi Milembe alisema basi aiache, ni nzuri, na mama atakuwa na cha kushika. Pazi alisema kama ni ya uongo ataishika mpaka anaingia kaburini, na yeye Pazi atatakiwa kuiigiza kila mwaka. Walibishana mpaka viazi vikaingia nzi. Mwisho walimwachia mwandishi. Nsokolo alikaa na kalamu juu ya mstari ule, akaishusha, akainyanyua. Aliuacha. Mpaka leo ukimwuliza hawezi kukwambia kama aliuacha kwa huruma au kwa sababu alishindwa kuikata sentensi nzuri kuliko zote alizowahi kuandika.

*

Bi Nyamizi alisomea kwake, mchana, mlango ukiwa wazi, kichwa wazi. Nsokolo, Bi Milembe na Pazi walikaa uani wakijifanya wana mazungumzo. Nyavu za minara zilikuwa zinalia. Hapakuwa na kioo cha kutazama, na Nsokolo alihangaika na mikono yake kama mtu aliyeachishwa sigara.

Walisikia karatasi zikifunuliwa. Walimsikia akicheka mara moja, na Pazi akajua ni pale pa kuoga. Baadaye walisikia ukimya mrefu ambao ndani yake hakuna karatasi iliyofunuliwa, na Bi Milembe akafumba macho. Hakukuwa na yowe. Nsokolo alifikiri yowe lingekuwa afadhali.

Aliitwa ndani. Bi Nyamizi alikuwa amekaa kitandani, mswada magotini, uso wake umelowa wote na yeye mwenyewe hana habari. Kidole chake kilikuwa juu ya sentensi ya mlangoni.

"Haya umeyatoa wapi?"

Nsokolo alikuwa amejiandaa kwa swali hilo tangu asubuhi, na alikuwa na jibu lililosuguliwa vizuri. Aliliacha.

"Sijui, Bi Nyamizi. Huenda yalikuwa yako. Huenda ni yangu. Nimeyashika mno."

Bi Nyamizi alitikisa kichwa polepole. Hakuonekana kukasirika. Alionekana kama mtu anayeonja na kungoja ladha ifike nyuma ya ulimi.

"Mtoto huyu aliyeandikwa humu hasemi hivi," alisema. "Ana hamu ya asali, anajikuna, anataka kuondoka kabla sijamtuma dukani. Haya ni maneno ya mtu aliyekaa chini akayatafuta." Akanyoosha mkono bila kumtazama. "Nipe hiyo kalamu."

Alimpa. Bi Nyamizi aliikata sentensi kwa mstari mmoja mnene, toka mwanzo mpaka mwisho. Kisha alikaa, kalamu ikiwa hewani, na Nsokolo aliona macho yake yameacha kuangalia karatasi. Yalikuwa yanaangalia mlango. Yalikuwa yanakifuata kitu kinachotoka chumbani kwenda nje, kwa urefu wa mtu mzima, na mahali fulani karibu na kizingiti yalishuka kidogo, kama yanatazama mguu.

Akaandika, kwa herufi kubwa za mtu asiyezoea kuandika:

Mama, ile ndoo ya bluu umempa nani tena?

Bi Milembe, aliyekuwa amewafuata, aliisoma juu ya bega lake. Nsokolo alimtazama kumwuliza kwa macho. Bi Milembe alinyanyua mabega. Hakuna nyumba Ng'ambo isiyo na ndoo ya bluu, na hakuna mtoto wa Ng'ambo asiyewahi kuidai. Mwonjaji mzuri, akikaa na mswada kwa muda, anaweza kujua mhusika atasema nini hata kama hakuwahi kusema. Nsokolo alilijua hilo. Yeye mwenyewe alikuwa ameishi kwa hilo.

"Umekumbuka?" Nsokolo aliuliza.

Bi Nyamizi alikwisha kugeuza karatasi akatafuta upande usio na maandishi. Aliinua mkono kumzuia.

"Sijui. Nyamaza kwanza, kuna nyingine inakuja."